Repo ya ndani haikufuati

Kosa wanalofanya wengi wanaoweka repo moja (ghala la kazi linalotunzwa na Git) ndani ya nyingine ni kudhani kwamba ukibadilisha tawi, yaani mkondo wa kazi, huku nje, ile ya ndani itakufuata. Haikufuati. Inabaki palepale ilipokuwa, na usipoiuliza haikuambii kitu.

Leo ni Jumatano. Mvua imeanza alfajiri, ikakatika, ikaanza tena, na hapa Upanga maji yamesimama kando ya barabara. Nilikuwa nimepanga kushinda nyumbani, nipumzishe goti na kusoma. Badala yake nimeshinda Mchafukoge, na jioni hii nimekaa roshani na chai ya tangawizi, naandika haya kabla sijaanza kuyapamba.

Neema alinipigia simu nikiwa bado nakunywa uji. Kwa msiomjua, Neema ni binti wa Newala, amemaliza chuo si zamani, na yuko kwenye majaribio katika ofisi ndogo ya vijana wanaotengeneza programu za mauzo kwa wafanyabiashara wa Kariakoo. Mimi huenda pale siku kadhaa kwa wiki tangu nistaafu kufundisha hisabati na kompyuta. Cheo changu hakijulikani vizuri. Wananiita Mwalimu, na kazi yangu kubwa ni kusoma walichoandika na kuwauliza kwa nini wameandika hivyo.

Aliniamkia, nikaitikia.

"Mwalimu, doti zimepotea."

"Zimepoteaje?"

"Zote. Na korija. Vipimo imerudi ilivyokuwa kabla sijaanza. Baraka anasema nifute folda nzima, nishushe upya, niandike tena."

"Umefuta?"

"Bado. Nimeshaichagua, nimebakiza kubonyeza."

"Basi usibonyeze. Usiguse kitu chochote. Kanywe chai, nakuja."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Ukweli ni kwamba hakika hiyo sikuwa nayo. Nilijua tu kwamba folda ile ikifutwa, hata hilo tumaini dogo litakuwa limeondoka nayo.

Nieleze kwanza kilichokuwa kimepotea, maana mtu akisikia "folda" anaweza kudhani ni jambo dogo.

Neema alikuwa amepewa duka la Mama Salha, mfanyabiashara wa khanga na vitenge Mtaa wa Kongo. Khanga haziuzwi kama soda. Kuna mteja anayetaka doti, yaani khanga mbili zilizoshikana, kuna anayetaka upande mmoja tu, na kuna wa jumla anayechukua korija nzima, yaani bunda la ishirini. Korija ikifunguliwa kwa ajili ya mteja mmoja, kilichobaki si korija tena, na bei yake si ile ya korija. Ukikosea hapo, programu itamwambia Mama Salha ana mzigo ambao hana. Kanuni hizo hazijaandikwa mahali popote. Zimo kichwani mwake, na Neema alizipata kwa kukaa naye dukani tangu kufungua mpaka kufunga, akiuliza katikati ya wateja na kuandika kwenye kompyuta iliyowekwa juu ya mzigo wa vitenge.

Mama Salha alimwambia waziwazi mwisho wa siku ile. Neema amenisimulia maneno yake: "Mwanangu, leo nimekuwa mwalimu wako mbele ya wateja wangu, na wengine wamenicheka. Ukirudi hapa, rudi na kitu kinachofanya kazi. Maswali yamekwisha."

Siku ya kurudi ni kesho, baada ya adhuhuri. Na mwenye ofisi alishasema kwamba kazi hii ndiyo atakayoitazama anapoamua kama Neema anabaki au anaondoka.

Kwa hiyo nilivaa viatu vya mpira, nikaita bajaji.

Ofisi yao iko Mchafukoge, juu ya duka la vipuri vya cherehani, na ngazi zake hazinipendi. Nilimkuta Neema ameketi, mikono mapajani, kompyuta imefunguka mbele yake kama mgonjwa anayesubiri daktari. Chai alikuwa hajainywa. Baraka, ambaye ndiye kiongozi wao, alisimama kunipa kiti chake.

"Shikamoo Mwalimu. Umekuja na mvua yote hii kwa ajili ya folda?"

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya kilichomo ndani ya folda."

"Mi nimemwambia, repo ndani ya repo ni kama simu iliyogoma. Unaflashi, inawaka, maisha yanaendelea."

"Na picha za harusi za mwenye simu?"

"Hizo tunampa pole."

Nikacheka, na yeye akacheka. Neema hakucheka.

Baraka simlaumu. Kabla ya kuandika programu alikuwa fundi simu Mtaa wa Aggrey, na pale meza moja hupokea simu nyingi kuliko unavyoweza kuzichunguza moja moja. Unaflashi, yaani unafuta kila kilichomo na kupakia programu upya, unarudisha, unapokea nyingine. Mazoea hayo yamemfanya awe mwepesi na asiyeogopa mashine, na hilo ni jambo jema. Lakini nimeona kwamba vijana wengi waliopitia meza zile, kompyuta ikiwasumbua, mkono wao wa kwanza huenda kwenye kufuta. Kwenye Git, programu inayokumbuka kila hatua ya kazi, kufuta ndiyo huwa hatua ya mwisho kabisa.

Nilimwomba Neema anisimulie alichofanya, bila kujitetea na bila kuniomba radhi. Hapo ndipo kisa kilipofunguka.

Wana programu tatu. Moja ya maduka ya nguo, moja ya maduka ya vifaa vya ujenzi, moja ya wauza viungo. Zote tatu zinahitaji kujua kugeuza kipimo kimoja kuwa kingine, kilo kuwa gramu, katoni kuwa vipande, korija kuwa doti. Badala ya kuandika jambo hilo mara tatu, wameliweka kwenye repo yake yenyewe, waliyoiita Vipimo, na repo hiyo imeingizwa ndani ya kila moja ya zile tatu. Ukirekebisha Vipimo, umerekebisha kwa wote. Ni mpango mzuri na siupingi.

Tatizo ni kile ambacho repo ya nje inakikumbuka kuhusu ile ya ndani. Watu hudhani inakumbuka tawi, lakini sivyo. Kila unapohifadhi kazi, Git huipa hatua hiyo namba yake ndefu ya herufi na tarakimu, na repo ya nje hukumbuka namba moja tu ya ile ya ndani. Mfikirie mama anayeingia Kariakoo na kipande cha kitambaa mkononi kutafuta kinachofanana nacho. Hasemi "nipe kipya kilichoingia". Anasema "nataka hiki hiki". Repo ya nje imeshika sampuli namna hiyo. Ukiiambia isawazishe mambo, itakuletea kitambaa kile kile cha sampuli, hata kama wewe jana umeshona kizuri zaidi.

Na ikikuletea, haikuweki kwenye tawi. Inakuweka juu ya hatua ile tu, ukiwa huna tawi lolote lililokushika. Unaweza kuandika kazi mpya hapo, unaweza kuihifadhi, na kila kitu kitaonekana sawa. Lakini hatua hizo mpya hazina jina. Siku ukiondoka pale, hakuna kinachokuonyesha njia ya kurudi.

Neema alifungua tawi kwenye repo ya nje, akaliita korija. Akaingia Vipimo akaanza kuandika, akijua moyoni kwamba yuko kwenye tawi la korija. Hakuwa kwenye tawi lolote. Alihifadhi kazi mara nyingi, kwa utaratibu mzuri kweli, kila kanuni ya Mama Salha na hatua yake. Akatoka nje, akahifadhi kurasa za mauzo, faili moja moja. Kila mara Git ilimwonyesha mstari unaosema Vipimo imebadilika, na kila mara aliuacha bila kuuhifadhi.

"Kwa nini uliuacha?" nilimwuliza.

"Nilidhani ile inajitegemea. Nimeshaihifadhi kule ndani, nikaona nikiigusa na huku nje nitakuwa naifanya mara mbili."

Hili ni jibu la mtu anayefikiri. Si sahihi, lakini lina akili ndani yake.

Jana mchana mteja wa vifaa vya ujenzi alilalamika kuhusu neno moja kwenye risiti, na neno hilo limo pia kwenye programu ya nguo. Neema akaombwa alirekebishe kwenye tawi kuu. Akahamia huko, na akaambiwa aandike amri ya git submodule update ili Vipimo isawazike. Ikasawazika. Repo ya nje ilitazama sampuli yake ya zamani, ikamrudishia Vipimo ya zamani, na kazi yake yote ikabaki nyuma bila jina. Leo asubuhi amerudi kwenye tawi la korija. Kurasa zipo, vitufe vya doti vipo, ukivibonyeza programu haijui doti ni kitu gani.

"Mimi niliambiwa niandike, nikaandika," Neema alisema. Hakumtazama mtu.

"Ni mimi nilimwambia," Baraka alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sikujua kama alikuwa na kitu humo."

Nilipenda kwamba alisema. Angeweza kunyamaza.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Git haitupi kitu upesi. Kwenye mashine yako, kwa muda wa kutosha, hukumbuka kila mahali uliposimama, hata pale pasipo na jina. Kumbukumbu hiyo haipandishwi kwenye seva na haipo kwa mwenzako. Imo kwenye folda yako peke yake. Ndiyo sababu nilimkataza kufuta. Angefuta folda nzima, angekuwa amefuta kumbukumbu hiyo pamoja na kazi aliyokuwa akiitafuta.

Nikamwambia aingie ndani ya Vipimo aandike git reflog, amri inayoonyesha kumbukumbu hiyo.

Mistari ikashuka. Wa kwanza ulikuwa ule wa jana wa kusawazisha. Chini yake, maneno ya Neema mwenyewe aliyoambatanisha na kila hatua, aliyoyaandika juu ya mzigo wa vitenge. Aliyasoma polepole, kwa sauti.

"Korija iliyofunguliwa haina bei ya korija. Upande mmoja unapunguza nusu doti. Mteja akirudisha doti." Akageuka. "Mwalimu, zipo."

"Zipo. Sasa zipe jina kabla hatujafurahi."

Alinakili namba ya hatua ya mwisho aliyoihifadhi, akaandika git branch korija, akabandika namba ile mwishoni. Kisha git switch korija, kuhamia kwenye tawi hilo. Kisha akafungua programu, akauza korija moja na upande mmoja wa khanga kwa mteja asiyekuwepo, na hesabu ikatoka kama Mama Salha alivyomfundisha.

Hakulia. Aliinuka, akaenda dirishani, akasimama akitazama watu wanavyoruka madimbwi kule chini. Baraka alifungua mdomo kusema kitu, nikamwonyesha kwa mkono amwache.

Aliporudi alisema, "Iliyobaki naomba nifanye mwenyewe. We niangalie tu."

Nikamwangalia. Alipandisha Vipimo kwanza kwenye seva. Halafu akatoka nje, akauongeza ule mstari aliokuwa akiuacha siku zote, akahifadhi, akapandisha repo ya nje. Nilimwuliza kwa nini kwa mpangilio huo, akanijibu kwamba akitanguliza ya nje, Baraka atapokea sampuli ya kitambaa ambacho hakipo dukani. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Baraka akaambiwa ashushe kwenye mashine yake, maana mimi siamini kazi imeokoka mpaka ifunguke kwa mtu mwingine. Ikafunguka.

"Kumbe Git ina huruma," alisema.

"Ina subira," nilimwambia. "Huruma ni ya kwako wewe, uache kuwaflashi wenzio."

"Nimekoma, Mwalimu."

Neema alicheka safari hii. Kicheko kifupi, lakini kilikuwa chake.

Nilibaki pale kuwaeleza mambo mengine mawili, na nakiri nilieleza kwa urefu. Nina ugonjwa huo. Mtu akiniuliza saa, namweleza jua. Niliwaonyesha kwamba git config submodule.recurse true huifanya repo ya ndani isogee pamoja na ya nje unapobadilisha tawi, ikienda kwenye hatua ambayo tawi hilo limeishika. Na git config push.recurseSubmodules check hukataa kupandisha ya nje kama ya ndani haijapanda. Yote mawili yanasaidia. Lakini hakuna hata moja linalokuwekea tawi kule ndani. Jina la kazi yako utaliweka wewe, na ni vizuri liwe lile lile ndani na nje, ili ukiona korija huku ujue utaitafuta korija na kule.

Nikiwa nashuka ngazi, Neema alinishika mkono kunisaidia, na kwenye kona ya ngazi, ambapo Baraka hawezi kusikia, aliniambia jambo ambalo nimerudi nalo nyumbani.

"Ile meseji niliiona siku ya kwanza kabisa. Kwamba sipo kwenye tawi lolote. Niliiona."

"Ukafanyaje?"

"Nikaogopa kuuliza. Niko kwenye majaribio. Wangesema huyu hata Git hajui."

Nilimwambia tu kwamba amefanya vizuri kunipigia kabla ya kubonyeza, na kwamba kupiga simu ile nako kulikuwa kuuliza.

Lakini tangu nirudi nalifikiria. Mashine haikumficha kitu. Ilimwambia siku ya kwanza, kwa maneno ya Kiingereza makavu yanayoeleweka na mtu ambaye tayari anajua. Vijana tunawaambia wasome maelezo, halafu tunawaweka mahali ambapo kukiri kwamba maelezo hayajaeleweka kunaweza kuwagharimu nafasi. Kisha tunashangaa kwamba wanaendelea kimyakimya mpaka kazi ipotee. Neema hakukosa akili wala bidii. Alichokosa ni mtu mmoja wa kumwuliza bila kuhesabiwa kosa.

Na mimi nilikuwa nakaa mita chache kutoka kwake siku zote hizo, nikidhani kila mtu anajua kwamba naulizwa bure.

Nimempigia Baraka nilipofika nyumbani, nikamweleza bila kumtaja Neema kwamba ningependa pawe na ruhusa ya kuuliza pale ofisini. Nilitegemea ubishi. Baada ya muda nikaona ameandika kwenye kundi lao: "Mtu akiona Git inamwambia hayupo kwenye tawi, aniite. Hata mimi jana nimemchomekea mwenzangu update bila kuangalia. Atakayecheka atanunua chapati za ofisi nzima." Neema amejibu kwa kuuliza kama chapati hizo ni pamoja na maharage.

Kesho baada ya adhuhuri anakwenda Mtaa wa Kongo. Aliniuliza kama nitaambatana naye. Nilitamani kusema ndiyo, maana napenda kuona mambo yakiisha vizuri na, niwe mkweli, napenda pia kuonekana nipo. Nikamwambia aende peke yake. Kanuni ni za Mama Salha na kazi ni yake Neema, mimi nitakuwa mtu wa tatu anayeziba mlango wa duka. Sijui mwenye ofisi ataamua nini. Najua anakwenda na kitu kinachofanya kazi, na anajua kilivyotengenezwa na kilivyokaribia kupotea.

Mvua imekatika tena. Goti linauma, lakini si sana.

Wewe unayesoma hapa na una repo ndani ya repo, fanya jambo moja leo. Ingia kwenye ile ya ndani, andika git status, na ikikuambia hupo kwenye tawi lolote, andika git switch -c na jina la kazi yako, uifungulie tawi, kabla hujafunga kompyuta.